Nusu na Thuluthi Mbili: Hesabu Wanayodai Haiwezekani

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ama baad. Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, na nyote mnaosoma darsa hizi mkiwa mbali, wiki hizi kuna mafumbo mawili ya hesabu yanazunguka kwenye simu zetu. La kwanza ni la ngamia 17, na watu wanalisambaza huku wakiandika "Allahu Akbar" chini yake. La pili ni la mume na dada wawili, nalo linasambazwa na watu wanaotaka kutuonyesha kwamba Qur'ani Tukufu imekosea kujumlisha. Vijana wamenitumia yote mawili. La kwanza wanalifurahia, la pili linawatia wasiwasi. Mimi naona wameyageuza. La kwanza si letu. La pili ndilo letu, na Masahaba walilijua na kulifanyia kazi kabla ya miaka 25 ya Hijra kutimia.

Tuanze na ngamia, maana hilo ni jepesi. Mzee anakufa, anaacha ngamia 17 na watoto watatu wa kiume. Ameusia: mkubwa achukue nusu, wa kati thuluthi, mdogo tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Sasa 17 haigawiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa tisa. Watoto wanagombana. Anakuja mwenye hekima, na wasimuliaji wengi humtaja Sayyidna Ali (r.a.), anaongeza ngamia wake mmoja. Wanakuwa 18. Nusu ni 9, thuluthi ni 6, tusui ni 2. Jumlisha: 17. Anabaki mmoja, mwenye hekima anampanda na kwenda zake.

Tamu, sivyo? Ngamia hapa kwetu hatuna, basi weka mitumbwi 17 pale Kibirizi, hesabu ni ile ile. Siri yake ni kwamba nusu na thuluthi na tusui ukizijumlisha hazifiki kitu kizima. Zinafika sehemu 17 katika 18. Mzee aliacha sehemu moja ya 18 bila mwenyewe, na yule ngamia wa kuazima alikuja kuificha hiyo. Mkubwa alistahili ngamia 8 na nusu akapata 9, na wenzake nao wakazidishiwa kwa kiwango hicho hicho. Hakuna muujiza hapo.

Lakini angalieni jambo kubwa zaidi. Kisa hiki hakina sanad, na ukikipima kwa fiqhi kinaanguka chenyewe. Watoto watatu wa kiume wa baba mmoja katika Uislamu wanarithi sawa kwa sawa, mkubwa hamzidi mdogo hata kwa kamba ya ngamia. Na Mtume (s.a.w.) amekataza wasia kwa mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Wasia wenyewe kwa asiyekuwa mrithi hauvuki thuluthi ya mali, kama alivyomwambia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipotaka kutoa zaidi. Sasa mzee huyu ameusia mali karibu yote, kwa warithi, na kwa kupendelea. Mnadhani Sayyidna Ali, aliyekuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa kuhukumu katika umma huu, angeupitisha wasia huo na kuutolea ngamia wake? Lipeni fumbo hili haki yake kama fumbo, wafundisheni watoto sehemu kwalo, lakini msilitie katika sira.

Twende kwenye la pili, na hapa nataka utulivu.

Mwanamke amefariki. Hana mtoto, hana baba wala babu. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Suratun-Nisaa, aya ya 12, inampa mume nusu, kwa kuwa marehemu hana mtoto. Aya ya 176, ya mwisho wa sura hiyo hiyo, inawapa dada wawili thuluthi mbili. Nusu na thuluthi mbili. Chukua mali, ifanye mafungu sita: mume ana matatu, dada wana manne. Matatu na manne ni saba. Mafungu ni sita, madai ni saba. Hapo ndipo mwenye kejeli anapocheka.

Hili lilimfikia Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) katika ukhalifa wake, na ukhalifa wake ulikwisha mwaka 23 Hijria, sawa na 644 Miladia. Hakulificha. Aliwakusanya Masahaba akawaambia waziwazi kwamba akimtanguliza mume na kumpa nusu yake kamili, dada hawapati yao. Akiwatanguliza dada, mume hapati yake. Na yeye haoni katika Kitabu nani wa kutangulizwa na nani wa kucheleweshwa. Riwaya mashuhuri inasema aliyetoa njia alikuwa Al-Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), na riwaya nyingine zinawataja Zaid bin Thabit au Ali. Mfano aliopigiwa Umar ulikuwa wa deni. Mtu amekufa, ameacha dirham sita. Mmoja anamdai tatu, mwingine anamdai nne. Utafanyaje? Hutasema deni la mmoja ni la uongo. Utazifanya zile dirham sita kuwa mafungu saba, mwenye tatu achukue matatu, mwenye nne achukue manne. Kila mmoja anapungukiwa kwa kadiri ya haki yake.

Hii ndiyo inayoitwa aul. Maana yake ni kupanda: asili ya mas'ala ilikuwa sita, imepanda ikawa saba. Mume alikuwa na matatu katika sita, sasa ana matatu katika saba. Dada walikuwa na manne katika sita, sasa wana manne katika saba.

Tuiweke kwa shilingi ionekane. Tuseme marehemu alikuwa na shamba la michikichi na nyumba Ujiji, vimeuzwa, na baada ya madeni zimebaki shilingi 21,000,000. Bila aul, mume anadai 10,500,000 na dada wanadai 14,000,000. Jumla 24,500,000. Zinapelea milioni tatu na nusu. Kwa aul, mume anapata 9,000,000, dada wanapata 12,000,000, yaani kila dada milioni sita. Mume amepungukiwa milioni moja na nusu, ambayo ni moja ya saba ya alichodai. Dada wamepungukiwa milioni mbili, ambayo nayo ni moja ya saba ya walichodai. Pima tena kwa kalamu yako. Upungufu umewagusa wote kwa kipimo kimoja, hakuna aliyeonewa hata kwa shilingi.

Kwa hiyo mwenye kusema "Qur'ani imekosea kujumlisha" amedhani kwamba aya zile ni orodha moja ya matumizi ya mfuko mmoja, kama bajeti ya harusi. Sivyo. Kila aya inataja haki ya mrithi mmoja na hali yake. Wanapokutana wengi kwa wakati mmoja, haki zile zinakuwa viwango vya kulinganisha: mume kwa dada ni tatu kwa nne. Kiwango hicho kinagawa mali yoyote, iwe sita, iwe milioni 21. Wafanyabiashara wa pale bandarini wanaoshirikiana mtaji wanafanya hivi kila siku. Mtaji ukila hasara, hakuna anayesema hesabu imekufa.

Na msidhani Masahaba waliinamishana vichwa tu. Abdallah bin Abbas (r.a.), mtoto wa yule yule Al-Abbas, aliikataa aul baada ya Umar kufariki. Hoja yake ilikuwa nzito: Yule Aliyezihesabu punje za mchanga wa jangwa la Alij hawezi kuweka katika mali moja nusu, na nusu nyingine, na thuluthi juu yake. Alikuwa anakusudia mas'ala ya mume, mama na dada: nusu, thuluthi, nusu, ambazo zinafanya mafungu manane katika sita. Alikuwa tayari kuapizana na wanaompinga, ndiyo maana mas'ala hiyo ikaitwa Mubahala. Alipoulizwa mbona hakusema wakati wa Umar, akajibu kwamba alimwogopa, Umar alikuwa mtu wa haiba. Rai yake ni kwamba upungufu waubebe dada na mabinti tu, kwa kuwa hao ndio ambao wakati mwingine hurithi bila fungu maalumu. Kwake yeye, katika mfano wetu mume angechukua 10,500,000 kamili na dada wangebaki na 10,500,000. Wenzetu Shia Ithnaashari wanaifuata njia hiyo mpaka leo. Madhehebu manne, na Imam Shafii ambaye sisi wa pwani na bara tunamfuata akiwemo, wamekwenda na aul.

Ninayasema haya kwa sababu maalumu. Katika vikao vya matanga nimesikia mara nyingi maneno haya: "Hesabu haitoshi, basi mume apewe kwanza, dada wasamehe." Au kinyume chake, ndugu wa marehemu wanamwambia mume, "Wewe si damu, wewe ngoja." Anayesema hivyo hajasoma Ibn Abbas wala Umar. Ameona namba zimegoma, akaifanya nafasi hiyo mlango wa kupita na mali ya mwenzake. Ukimuuliza mwezi ujao katika mirathi ambayo yeye ndiye dada, atageuka. Rai ya mwanachuoni ni ya siku zote, haibadiliki kwa kuangalia nani amekaa upande gani wa jamvi.

Wanachuoni hawakuishia kwenye kesi moja moja, walitafuta kanuni. Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani ni sita tu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kutokana nayo asili za mas'ala ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Wakachunguza wakakuta nne kati yake hazipandi kamwe: 2, 3, 4 na 8. Tatu ndizo zinazopanda. Sita inapanda hadi 7, 8, 9 au 10. Kumi na mbili inapanda hadi 13, 15 au 17. Ishirini na nne inapanda mara moja tu, hadi 27. Basi. Hakuna familia yoyote duniani, iwe ya Buhigwe au ya Bukhara, itakayotoka nje ya orodha hiyo. Watoto wetu waliosoma Rahbiyya, ile nadhamu ya Imam Ar-Rahbi ya karne ya sita Hijria, wameihifadhi kanuni hii kwa kuimba kabla hawajajua kutumia kikokotozi.

Hiyo ya 27 ina kisa. Sayyidna Ali alikuwa juu ya mimbari Kufa, akaulizwa kuhusu mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Katika 24: tatu, kumi na sita, nne, nne. Jumla 27. Ali akajibu pale pale, bila kukata khutba, kwamba thumni ya mke imekuwa tusui. Ni kweli, tatu katika 27 ni moja ya tisa. Mas'ala ikaitwa Minbariyya. Mkitaka kisa cha Ali na hesabu, chukueni hiki, kimo katika vitabu vya faraidhi. Waachieni wengine ngamia.

Na ngamia wale, kwa hakika, wana jina lao katika elimu yetu. Mafungu yakipungua badala ya kuzidi, hiyo ni raddi. Mtu ameacha mama na binti mmoja tu: sudusi na nusu, mafungu manne katika sita, mawili hayana mwenyewe. Kwa raddi, mama anachukua robo na binti robo tatu. Asili ya madhehebu ya Shafii ilikuwa kinachobaki kiende Baitul Mali. Lakini wanachuoni wa baadaye wa madhehebu hayo walipoona Baitul Mali haiendeshwi kwa taratibu zake, wakafutu kirudi kwa warithi, isipokuwa mume na mke. Nasi Baitul Mali ya aina hiyo tutaitoa wapi?

Kabla sijaendelea, angalizo, maana nikizungumzia mafungu watu hukimbilia kugawa. Mafungu yanakuja mwisho. Kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Na kabla ya yote hayo, kifo kiwe na yakini. Ujiji yetu ina somo la hili linalojulikana dunia nzima, ila watu hulisoma kwa ajili ya Wazungu wakaliacha lililo letu. Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa amechoka na mgonjwa, akitegemea vitambaa na shanga alivyoletewa kutoka pwani. Akakuta havipo. Ameandika mwenyewe kwamba mtu aliyekabidhiwa, Sherif, aliviuza vyote, akidai kwamba amepiga ramli kwa Qur'ani akaona mwenye mali amekwisha kufa. Tazameni msiba huo! Kitabu kilichoweka mafungu kwa haki kinafanywa chombo cha ramli ili mali ya mtu aliye hai iliwe. Siku chache baadaye Stanley akafika, na hayo mengine mnayajua. Leo mvuvi akipotea ziwani kwa dhoruba na mwili usionekane, nyavu na injini yake hazigawiwi kwa ndoto wala kwa maneno ya jirani. Ni hukumu ya kadhi au mahakama ndiyo inayofungua mlango.

Tuirudie hesabu. Je, kila mlinganyo unaoonekana hauwezekani una njia kama aul? Hapana, na wazee wetu walijua tofauti. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi aliandika Baghdad, zama za Khalifa Al-Maamun, mnamo mwaka 820 Miladia, kile kitabu ambacho jina lake limetupa neno aljebra. Anasema katika utangulizi kwamba amekiandika kwa haja za watu katika mirathi, wasia, kugawana, biashara na kupima ardhi. Sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu ni mas'ala za wasia na mirathi tupu. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaolalamika kwamba aljebra haina kazi, wajue kwamba kurithishana ni katika kazi zake za mwanzo.

Humo ana mas'ala hii: gawa kumi mara mbili, na sehemu hizo ukizizidisha upate 21. Jibu ni 3 na 7. Njia yake: nusu ya kumi ni 5, mara 5 ni 25, toa 21 inabaki 4, kipeo chake ni 2, basi 5 toa 2 na 5 ongeza 2. Sasa badala ya 21 weka 40. Ishirini na tano toa arubaini? Al-Khwarizmi anasema wazi: namba ikizidi mraba wa ile nusu, mas'ala ni mustahili. Unaweza kuona mwenyewe kwa punje za mahindi. Punje kumi ukizigawa mara mbili, zao lake kubwa kabisa ni tano kwa tano, 25. Arubaini hulipati hata ukeshe. Miaka zaidi ya 700 baadaye, mwaka 1545, Mtaliano Cardano aliuchukua mlinganyo huo huo wa kumi na arubaini, akaandika jibu lenye kipeo cha namba hasi, huku mwenyewe akiona ni ujanja usio na faida. Namba hizo leo mafundi wa umeme wanazitumia. Lakini punje za mahindi zitabaki pale pale: kumi hazigawiki hivyo.

Basi kuna mlinganyo ambao kweli hauna jibu kwa vitu vya mkononi, na kuna mlinganyo ambao msomaji ndiye hakuelewa unauliza nini. Ule wa mume na dada ni wa aina ya pili.

Na kuna aina ya tatu, ambayo dhuluma inaonekana kwa macho kumbe hesabu iko sawasawa. Inasimuliwa kwamba mwanamke alimlalamikia Sayyidna Ali: ndugu yangu ameacha dinari 600, nami nimepewa dinari moja tu. Ali akamwambia, huenda nduguyo ameacha mke, mama, mabinti wawili, ndugu wa kiume kumi na wawili, na wewe. Akasema ndiyo. Akamwambia, basi umepewa haki yako. Kokotoeni: mabinti thuluthi mbili, 400. Mama sudusi, 100. Mke thumni, 75. Jumla 575, zimebaki 25. Ndugu kumi na wawili kila mmoja mafungu mawili, 24, na dada fungu moja. Imetimia bila kubaki hata senti. Ajabu kwangu ni kwamba kabla ya kumhukumu mgawaji, Ali alianza kwa kuitafuta familia ambayo malalamiko yale yangekuwa kweli.

Elimu hii haikutufikia jana. Sheikh Ali bin Hemedi Al-Buhriy wa Tanga, aliyekuwa kadhi huko, aliandika kitabu chake cha Mirathi, na mwaka 1923 kikachapwa Nairobi kwa tafsiri ya Kiingereza, kwa sababu hata mahakimu wa Kiingereza walihitaji kuelewa tunagawanaje. Leo Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi za Waislamu. Hakimu akiuliza mume ana ngapi, msimamizi wa mirathi anatakiwa awe na jibu mfukoni.

Nawaachia moja mfanyie kazi nyumbani. Inaitwa Ummul Farukh, mama wa vifaranga, kwa jinsi mafungu yake yalivyototoa. Mwanamke ameacha mume, mama, dada wawili wa baba na mama, na ndugu wawili wa mama mmoja. Mume nusu, mama sudusi, dada thuluthi mbili, ndugu wa mama thuluthi. Inasimuliwa ilimfikia Kadhi Shuraih, akaihukumu kwa aul, na yule mume akazunguka mjini akiwauliza watu kama wamewahi kuona mume asiyepata nusu wala thuluthi. Tieni mali iwe shilingi 20,000,000, mniletee fungu la kila mmoja darsa ya Jumamosi baada ya Magharibi. Wanawake pia, nanyi njooni na daftari.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullah.